Kivuko cha Helike: Mji Uliopotea na Neno Lililosomwa Vibaya

Utangulizi

Katika majira ya baridi ya mwaka 373 KK, mji wa Helike uliokuwa kwenye pwani ya kusini ya Ghuba ya Korintho, nchini Ugiriki, uliangamia kwa usiku mmoja. Tetemeko la ardhi liliziangusha nyumba, maji yakaufunika mji, na wakazi wake wakafa. Tukio hilo halikusahauliwa. Lilitajwa na Aristotle, Polybius, Diodorus, Strabo, Ovid, Pausanias na Aelian, yaani na waandishi wa zaidi ya karne tano. Ni miji michache ya kale ambayo kifo chake kilisimuliwa na watu wengi kiasi hicho.

Hata hivyo, mji wenyewe ulipotea. Wasomi wa Ulaya walikuwa na maandishi yote hayo mezani, walikuwa na umbali wake kutoka mji jirani, na walijua ni kati ya mito gani ulikuwa umejengwa. Pamoja na hayo, hadi mwishoni mwa karne ya 20 hakuna aliyeweza kuonyesha ukuta hata mmoja na kusema kwa ushahidi: hapa ndipo Helike ilipokuwa.

Insha hii inauliza swali moja: mji ulioandikwa sana hivi ulipoteaje? Jibu ninalolitetea ni kwamba Helike haikufichwa na matope peke yake. Ilifichwa pia na jinsi mashahidi walivyosomwa. Masimulizi yenye mvuto yaliaminiwa zaidi, ilhali maneno machache ya wavushaji wa majini yalifasiriwa kwa haraka. Katika maneno hayo machache mlikuwa na neno moja la Kigiriki, poros, ambalo lingefasiriwa kwa uangalifu, huenda lingewaelekeza watafutaji mahali sahihi mapema zaidi. Kwa sisi tunaosoma lugha, kisa hiki ni mfano wa jinsi tafsiri ya neno moja inavyoweza kubadili historia ya mahali.

Mji na watu wake

Helike ilikuwa katika nchi ya Akaya, sehemu ya kaskazini ya rasi ya Peloponnese. Jina la Akaya si geni kwa wasomaji wa Kiswahili, kwani linapatikana katika kitabu cha Matendo ya Mitume. Mji ulijengwa kwenye tambarare iliyotengenezwa na udongo wa mito, hasa Selinous na Kerynites, ambayo inateremka kutoka milimani na kumwaga maji yake katika ghuba. Kwa hiyo wakazi walikuwa na ardhi yenye rutuba, maji ya kutosha na bahari karibu. Kwa mujibu wa Heracleides, aliyenukuliwa na Strabo, mji ulikuwa stadia 12 kutoka baharini, yaani kama kilomita 2.

Mji huu ulikuwa wa zamani na wenye heshima. Homer anautaja katika Iliad miongoni mwa miji iliyompelekea Agamemnon askari kwa ajili ya vita vya Troy. Ulikuwa mkuu katika umoja wa miji 12 ya Akaya. Zaidi ya yote ulijulikana kwa hekalu la Poseidon, mungu wa bahari, ambaye Wagiriki walimwita pia mtikisa ardhi. Jambo hili lina uzito katika kisa chetu, kwa sababu mji wa mungu wa matetemeko ndio uliouawa na tetemeko, na waliosalia hawakuweza kuliona hilo kama bahati mbaya tu.

Umaarufu wa Helike ulivuka mipaka yake. Kulingana na mapokeo ya Wagiriki, Waionia waliishi hapo kabla ya kufukuzwa na Waakaya. Walipohamia pwani ya Asia Ndogo walikwenda na ibada yao, na huko Mykale wakaendelea kumwabudu Poseidon kwa jina la Helikonios, wakilihusisha na mji walioutoka. Tena Strabo anaeleza kwamba mwanzilishi wa Sybaris, mji wa Wagiriki kusini mwa Italia uliosifika kwa utajiri, alikuwa mtu wa Helike. Kwa hiyo kabla mji haujazama, jina lake lilikuwa limeshasafiri mashariki na magharibi.

Usiku wa maangamizi

Strabo anasema maafa yalitokea miaka miwili kabla ya vita vya Leuctra, vilivyopiganwa mwaka 371 KK. Heracleides wa Ponto, ambaye tukio lilitokea katika zama zake, aliandika kwamba ilikuwa usiku, na kwamba eneo lote pamoja na mji lilifunikwa lisionekane. Waakaya walituma watu 2,000 kuzitafuta maiti, lakini hawakuweza kuzitoa. Ardhi iliyobaki ikagawanywa kwa majirani. Diodorus anaongeza kwamba nyumba ziliporomoka usiku, na kulipopambazuka bahari iliinuka na kuwafagia waliokuwa wamenusurika. Aristotle, aliyekuwa bado mtoto wakati huo, alikuja kulitaja tukio hili katika kitabu chake kuhusu hali ya hewa na ardhi, akilihusisha na nyota kubwa yenye mkia iliyoonekana wakati huohuo.

Pausanias, aliyesafiri Ugiriki katika karne ya 2 BK, anasema maji yaliingia katika msitu mtakatifu wa Poseidon hata vikaonekana vilele vya miti tu. Aelian, aliyeandika zaidi ya miaka 500 baada ya tukio, anasimulia kwamba siku tano kabla ya maafa panya, nyoka, tandu na wadudu wengine waliuhama mji kwa pamoja, na watu wakastaajabu bila kujua maana yake. Anasema pia kwamba meli 10 za Wasparta zilizokuwa zimetia nanga hapo ziliangamia.

Kwa nini yalitokea? Waandishi wengi wanatoa sababu moja. Waionia wa Asia walituma wajumbe Helike kuomba sanamu ya Poseidon au, kama hilo haliwezekani, angalau mfano wa hekalu lake. Wakazi walikataa. Wajumbe wakapeleka shauri lao katika baraza la Waakaya wote, nalo likakubali, lakini watu wa Helike wakashikilia msimamo wao. Pausanias anakwenda mbali zaidi na kusema kwamba watu waliokimbilia hekaluni waliondolewa na kuuawa. Majira ya baridi yaliyofuata, mji ukaangamia. Diodorus anakiri kwamba katika zama zake palikuwa na mabishano: wachunguzi wa maumbile walisema sababu ni za kimaumbile, na wacha Mungu wakasema ni hasira ya miungu.

Mashahidi wa aina tatu

Mwanafunzi wa historia anapokutana na masimulizi kama haya hushawishika kuyapanga kwa umri tu: la mapema ni bora, la baadaye ni dhaifu. Kipimo hicho ni kizuri lakini hakitoshi. Kwa maoni yangu ni bora kuuliza pia: msemaji anataka nini na maneno yake?

Wapo kwanza mashahidi wa mafunzo. Hawa wanataka kuonyesha kwamba dhambi huleta adhabu. Habari za wajumbe waliokataliwa na watu waliouawa hekaluni ni za kundi hili. Hatuwezi kuzitupa, kwa sababu mgogoro kuhusu ibada ungeweza kuwa wa kweli, lakini hazina msaada wowote kwa mtu anayetafuta mahali mji ulipo.

Wapo pili mashahidi wa maajabu. Hawa wanataka kumstaajabisha msomaji. Panya wa Aelian wako hapa, na Ovid pia yuko hapa. Katika kitabu cha 15 cha Metamorphoses, mshairi huyu wa Kirumi anaitaja Helike pamoja na Bura, mji jirani ulioharibiwa na tetemeko hilohilo, na kudai kwamba mabaharia bado huonyesha kuta zake zilizoinama chini ya maji. Tuisome kauli hii kwa makini. Strabo anasema Bura ilikuwa stadia 40 kutoka baharini, na Pausanias anaieleza kuwa ilikuwa mlimani. Mji wa mlimani hauwezi kuzama baharini. Ovid ameizamisha Bura kwa sababu shairi lilihitaji miji miwili chini ya mawimbi. Kwa hiyo tunao ushahidi kwamba tayari katika zama za Kirumi fasihi ilikuwa imeanza kuivuta habari ya Helike kuelekea baharini zaidi kuliko ilivyokuwa.

Wapo tatu mashahidi wa kazi. Hawa hawakuandika chochote. Maneno yao yametufikia kupitia mikono miwili: Eratosthenes aliyasikia, na Strabo akamnukuu Eratosthenes. Eratosthenes ndiye mtaalamu wa Alexandria aliyekadiria mzingo wa dunia, na alifika mahali penyewe takriban karne moja na nusu baada ya maafa. Wavushaji wa hapo walimwambia kwamba sanamu ya shaba ya Poseidon ilikuwa imesimama wima ndani ya poros, mkononi imeshika farasi wa baharini, na kwamba ilikuwa hatari kwa wavuvi wa nyavu.

Maneno haya hayamtishi mtenda dhambi wala hayamsifu mungu. Ni tahadhari ya kazi: ukitupa wavu hapo, utanasa. Mvushaji hana sababu ya kuibuni tahadhari hiyo, na ana sababu kubwa ya kuikumbuka vizuri, maana wavu ukichanika familia hulala njaa. Huu ndio ushahidi mnyenyekevu kuliko wote tulio nao, na ndio uliokuwa na faida kubwa kuliko wote.

Utafutaji baharini

Kwa muda mrefu wasomi walikubaliana kwamba Helike iko chini ya maji ya Ghuba ya Korintho. Hawakuwa wajinga. Waandishi wengi wa kale walisema mji ulimezwa na bahari. Vilevile mwezi Desemba 1861 tetemeko lingine lilitokea katika eneo hilohilo, na ukanda wa pwani ukazama mbele ya macho ya watu. Ilionekana kama historia imejirudia ili kuwaonyesha njia.

Katikati ya karne ya 20 mwanaakiolojia wa Kigiriki Spyridon Marinatos, anayejulikana zaidi kwa uchimbaji wa Akrotiri katika kisiwa cha Thera, aliihimiza dunia ya wasomi kuutafuta mji huu uliozama. Harold Edgerton, mhandisi wa Marekani, alikuja na vifaa vya sona, yaani vyombo vinavyochunguza sakafu ya bahari kwa mwangwi wa sauti. Mwaka 1988 mwanaakiolojia Dora Katsonopoulou na mwanasayansi Steven Soter walianzisha mradi mpya wa Helike, nao wakaanza kwa kuipima bahari iliyo mbele ya pwani. Hawakuona dalili ya mji katika sakafu ya bahari.

Matokeo kama hayo yana thamani yake. Mtafiti asiyepata kitu anaweza kusema kifaa hakikutosha na kurudi tena na kifaa kikubwa zaidi. Anaweza pia kurudi kwenye maandishi na kuuliza kama aliyaelewa. Watafiti hawa walichagua njia ya pili.

Neno moja

Katika tafsiri nyingi za Strabo, poros imefasiriwa kwa maana ya mlangobahari, yaani njia nyembamba ya bahari. Msomaji aliyesoma hivyo aliiona sanamu ikiwa imesimama katika maji ya ghuba yenyewe. Lakini katika Kigiriki poros ni neno pana. Linatokana na wazo la kupita, na linaweza kuwa njia ya kuvukia, sehemu ya mto inayovukika, au mahali ambapo mashua huvusha watu.

Hapa Kiswahili kinatusaidia kuliko baadhi ya lugha za Ulaya, kwa sababu tunalo neno lenye upana unaofanana: kivuko. Tukisema kivuko cha Likoni, tunavuka maji ya bahari kule Mombasa. Tukisema kivuko cha Laropi, tunavuka Mto Nile kaskazini mwa Uganda. Kivuko cha Kigongo na Busisi kilivusha watu kwa miaka mingi katika Ziwa Viktoria upande wa Mwanza. Neno ni lilelile, lakini maji ni ya bahari, ya mto na ya ziwa. Mswahili akiambiwa tu kwamba sanamu imesimama kivukoni, hawezi kuamua ni maji gani mpaka aulize zaidi.

Tujaribu basi kuuliza. Sakafu ya ghuba inashuka kwa kasi mara tu baada ya kuacha ufuko wa delta. Sanamu iliyosimama katika maji marefu isingenasa nyavu za wavuvi, wala wavushaji wasingejua mkononi imeshika nini. Ili sanamu iwe kero kwa wavuvi lazima maji yawe mafupi. Tena mji ulikuwa kilomita 2 ndani ya nchi kavu. Ardhi yake ikididimia, maji yatajaa katika bonde linalotokea, na kati ya bonde hilo na bahari unaweza kubaki ukanda wa nchi kavu. Kinachopatikana ni ziwa dogo la pwani, lenye mchanganyiko wa maji chumvi na maji baridi ya mito. Msafiri anayepita kando ya pwani atahitaji kuvushwa hapo. Hicho ndicho kivuko, na wavushaji ndio hao waliozungumza na Eratosthenes.

Hivyo ndivyo Katsonopoulou na Soter walivyopendekeza: poros ya Eratosthenes ilikuwa ziwa la pwani, nalo kwa karne nyingi limejazwa matope na mito. Ikiwa ni hivyo, Helike haiko chini ya bahari hata kidogo. Iko chini ya mashamba.

Ardhi yatoa ushahidi

Nadharia nzuri haitoshi, lazima ipimwe. Kuanzia mwaka 1991 watafiti walitoboa makumi ya mashimo membamba katika tambarare ili kuona tabaka za udongo. Katika mashimo hayo walipata vipande vya vyungu na alama nyingine za makazi ya kale. Mwaka 1994, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Patras, walitumia vifaa vinavyopima nguvu ya sumaku ardhini, wakaona umbo la jengo kubwa chini ya shamba. Uchimbaji wa mwaka 1995 ulionyesha kuwa ni jengo la zama za Kirumi. Baadaye ikapatikana pia barabara ya Kirumi iliyopita katika tambarare hiyo, jambo linalopatana na Pausanias aliyepita njia hiyo na kuhesabu stadia 40, kama kilomita 7, kutoka Aigion hadi mahali pa Helike.

Mwaka 2001, karibu na kijiji cha Rizomylos, watafiti walifikia kile walichokuwa wakikitafuta: mabaki ya majengo ya zama za Helike yaliyoporomoka, yamefunikwa na udongo mzito. Ndani ya udongo huo mlikuwa na masalia ya viumbe vidogo vya majini vya aina inayoishi katika maziwa ya pwani. Kwa maneno mengine, mji ulianguka, ukakaa chini ya ziwa, kisha ziwa likageuka kuwa nchi kavu. Wavushaji walisema kweli.

Uchimbaji ulileta pia jambo ambalo hakuna mwandishi wa kale aliyelitaja. Katika tambarare ileile palikuwa na makazi ya zama za shaba, ya miaka zaidi ya 2,000 kabla ya kuangamia kwa Helike, nayo yalikuwa yamefunikwa na udongo wa ziwa la pwani. Upande mwingine, baada ya mwaka 373 KK watu walirudi. Kumepatikana karakana ya kutia nguo rangi ya zama zilizofuata ushindi wa Alexander Mkuu. Na katika miaka ya karibuni, huko Nikolaiika, yamechimbuliwa mabaki ya hekalu la karne ya 8 KK, ambalo wachimbaji wanalihusisha na ibada ya Poseidon.

Mji ni nini?

Matokeo haya yanatulazimisha kufikiri upya juu ya utambulisho wa Helike. Tumezoea kuuita mji uliopotea kana kwamba ni kitu kimoja kilichoanguka kutoka mfukoni. Ardhi inaonyesha kitu tofauti. Watu walijenga hapo, wakazamishwa, wakasahau, wakajenga tena, wakazamishwa tena, na wakarudi. Leo kuna vijiji, mashamba na barabara juu ya tambarare hiyohiyo. Tarehe 15 Juni 1995, wakati mradi ukiendelea, tetemeko liliipiga Aigio, mji jirani, na watu 26 wakafa. Ufa wa ardhi ulioiua Helike ungali hai.

Kwa nini basi watu wanarudi? Kwa sababu kinachowaua ndicho kinacholeta chakula chao. Ardhi inayodidimia hupokea udongo wa mito, na udongo huo ndio unaozaa. Mtu wa Helike hakuchagua hatari kwa upumbavu. Alichagua shamba zuri, na hatari ikaja pamoja nalo.

Utambulisho wa mji pia haukuwa katika mawe pekee. Mahali pa Helike palipofunikwa, Poseidon Helikonios aliendelea kuabudiwa Asia Ndogo. Strabo anasema kwamba baada ya maafa Waakaya waliwapa Waionia ule mfano wa hekalu waliouomba. Tulitafakari jambo hilo: watu waliofukuzwa Helike karne nyingi nyuma ndio waliobaki na umbo la hekalu lake, wakati wale walioling'ang'ania walikuwa chini ya maji. Wakati huohuo Aigion ilichukua nafasi ya Helike kama mahali pa mikutano ya Waakaya. Heshima ya mji, ibada yake na ardhi yake vilirithiwa na watu watatu tofauti.

Zipo pia hoja za tahadhari. Baadhi ya wasomi wamehusisha Helike na kisa cha Atlantis, kwa kuwa Plato alikuwa mtu mzima wakati wa maafa na aliandika habari za Atlantis miaka michache baadaye. Inawezekana habari za Helike zilimchochea, lakini kuuita mji huu “Atlantis ya kweli”, kama magazeti yanavyopenda, ni kuurudisha kwa mashahidi wa maajabu. Helike haihitaji jina la kuazima. Pia ni lazima tukumbuke kwamba utambuzi wake hausimami juu ya ugunduzi mmoja. Unasimama juu ya kukubaliana kwa mambo mengi: umbali kutoka Aigion, umri wa majengo, jinsi yalivyoporomoka, na udongo wa ziwa juu yake. Kamba hii ina nyuzi nyingi, na nguvu yake iko katika kusokotwa pamoja.

Funzo kwa pwani yetu

Wapo watakaouliza jambo hili linatuhusu nini. Linatuhusu kwa sababu nasi tunao mji uliopotea ndani ya maandishi ya Kigiriki. Kitabu cha mabaharia kiitwacho Periplus, cha karne ya 1 BK, kinaitaja Rhapta kuwa soko la mwisho la Azania, nchi ya pwani ya Afrika Mashariki, na kinasema jina lake linatokana na mashua zilizoshonwa. Ufundi huo ulidumu katika pwani ya Waswahili hadi zama za mitepe. Katika karne iliyofuata Ptolemy aliiweka Rhapta kwenye mto wenye jina hilohilo, ndani kidogo kutoka baharini. Wataalamu wamependekeza sehemu mbalimbali za pwani ya Tanzania, ikiwemo delta ya Rufiji, lakini mahali pake hapajathibitishwa.

Helike inatupa tahadhari mbili. Kwanza, delta haikai mahali pamoja kwa miaka 2,000. Bandari ya zamani inaweza kuwa chini ya shamba la mpunga au msitu wa mikoko, mbali na ufuko wa leo. Pili, anayesoma neno la kale kuhusu maji hana budi kuuliza ni maji gani, na akaulize pia kwa wale ambao nyavu zao hukwama.

Hitimisho

Insha hii imeonyesha kwamba Helike ilipotea mara mbili: mara ya kwanza chini ya maji na matope, mara ya pili katika usomaji. Waandishi waliotaka kufundisha na kustaajabisha waliipeleka baharini, na watafutaji wakawafuata huko kwa vifaa vya gharama kubwa. Waliojua ilipo walikuwa wavushaji wasiojulikana majina, na walichosema kinaingia katika sentensi moja. Sentensi hiyo haikupotea. Strabo aliihifadhi kwa miaka 2,000. Kilichokosekana ni msomaji wa kulipima neno moja ndani yake kabla ya kutia mashua majini.

Kwa hiyo tunapofundishwa kwamba ushahidi wa mdomo ni dhaifu na ushahidi wa maandishi ni imara, tuikumbuke Helike. Hapo maandishi mengi yalipotosha, na neno la mdomo lililoandikwa na msafiri makini ndilo lililoelekeza. Ushahidi haupati nguvu kwa kuandikwa. Unapata nguvu kwa kuulizwa vizuri: nani amesema, alikuwa akifanya kazi gani, na neno alilotumia lina maana ngapi.